Babu Ametangulia Wapi?

Wazazi wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie malezi na msiba. Nitaanza na neno moja tu, "ametangulia", maana ndilo lililoniumbua.

Baba yangu alipofariki, mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 4. Nilimpakata, nikamwambia babu ametangulia. Akanitazama. "Ametangulia wapi? Na sisi tunamfuata lini?" Kisha akashuka, akaenda kutafuta viatu vyake.

Nikababaika, nikasema babu amelala. Nilikoma! Wiki nzima kulala kukawa vita: taa isizimwe, mlango usifungwe, na mimi mwenyewe nikisinzia tu, ananifunua kope kwa vidole.

Kiswahili chetu kina adabu kubwa mbele ya kifo. Ametutoka, hatunaye, ameaga dunia, Mungu kampenda zaidi. Siyabezi maneno haya, hata mimi yamenifariji. Lakini mtoto wa miaka 4 hulichukua neno kama lilivyo. Mwambie Mungu kampenda zaidi, naye ataanza kujiuliza ni nani anayefuata kupendwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti wake kuhusu watoto 378 wa Hungaria, wa miaka 3 hadi 10. Wale wa chini ya miaka 5 walielekea kukiona kifo kama safari au usingizi: mtu kaenda, yuko mahali, anaendelea na mambo yake. Kumbe nilimtia mwanangu kwenye kosa ambalo angelifikia mwenyewe bila msaada wangu.

Basi nikarudi kwake, nikamwambia babu amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, haumwi tena, na hatarudi. Hilo "amekufa" lilinikwama kooni, kwa sababu tumezoea kwamba kuku ndiye hufa, mtu hufariki. Akanyamaza kidogo, akauliza kama miwani ya babu nayo imekufa. Kesho yake akauliza yote upya. Msidhani hakuwa amesikia. Mtoto mdogo hulia dakika 5, akaomba mpira, akacheza mpaka akachoka, kisha akalirudia swali pale pale alipoliacha.

Sasa nije kwa mdogo wake, aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya mazishi.

Baba alikuwa akifunga vifungo vya shati kuanzia chini. Alisema ukianza juu utafika mwisho ndipo ujue umeruka kimoja. Ukianza chini, pindo mbili zinalingana tangu mwanzo. Asubuhi nyumbani kwangu mnaijua, ni kama ya kwenu: huyu soksi moja haionekani, yule kamwaga maji, mimi nimepiga magoti mbele ya shati natafuta kifungo cha chini bila hata kufikiri. Siku moja mdogo akanisukuma mikono. "Niache, mama. Babu anaanzia chini."

Anaanzia. Hakusema alianzia.

Haikupita muda akaongeza kwamba babu ndiye aliyemfundisha, tena akiwa amemkalisha mapajani. Kaka yake akaruka juu: "Muongo! Hukuwepo!" Wakaanza kuvutana mashati, na vifungo vyenyewe viwili vikang'oka.

Sikumwona muongo. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Frederic Bartlett alieleza kwamba kukumbuka ni kujenga upya, wala hakuna ghala tunalofungua tukakuta mambo yamekaa yalivyowekwa. Na watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya kwanza iliyo mapema kuliko miaka 3 au 3 na nusu. Hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu maana yake ni kwamba hata mkubwa, aliyebebwa na babu miaka 4, huenda asibaki na chochote isipokuwa kile tunachokizungumza. Robyn Fivush, aliyechunguza kwa miaka mingi mazungumzo ya wazazi na watoto, ni miongoni mwa walioonyesha kwamba mzazi anayeuliza maswali ya wazi, "ikawaje?", "ulihisije?", humsaidia mtoto kuyasimulia ya nyuma kwa kina zaidi.

Kwa hiyo nikamwambia mdogo: "Hukuwepo, ila mimi nilikuwepo. Mapaja ni ya babu kweli. Aliyekaa hapo ni mimi." Akaridhika. Akataka kujua nilikuwa mzito kiasi gani.

Kuna jambo jingine, nalo linaniudhi kidogo: marehemu tunamtakasa haraka mno. Baba yangu hakuwa malaika. Hakujua kuomba radhi. Akikukosea alizunguka nyumba nzima kimya, baadaye unamkuta kaketi na ndala yako iliyokatika, anaitengeneza. Ndiyo samahani yake hiyo, na ukitaka nyingine utangoja sana. Nilikaa miezi nikijiuliza kama niwasimulie wanangu hili.

Jioni moja nikawasimulia. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimemfokea mkubwa kwa kosa la mdogo wake, na sikuwa nimesema kitu tangu hapo. Mdogo akacheka sana kuhusu ndala. Mkubwa hakucheka. Alinitazama tu, akasema:

"Kama wewe."

Sikumjibu. Gari lake la kuchezea lilikuwa pale sakafuni, gurudumu limeng'oka. Nikaliokota, nikaanza kulitengeneza.