Mkate Mmoja, Walaji Wengi: Mhadhara juu ya Maana ya Ushirika Mtakatifu

Ndugu Mwenyekiti, wachungaji na mapadre mliopo, akina mama na akina baba, na ninyi wanafunzi wa teolojia.

Nimeombwa nizungumzie maana ya Ushirika Mtakatifu na alama zake, na najua kwamba wengi wenu mnatarajia nianze na swali lililoyagawa makanisa yetu kwa karne nyingi, yaani mkate na divai huwa nini vikishabarikiwa. Nitalifikia. Naomba tu nianze mbali kidogo na hapo, kwa sababu maelezo ya kale kuliko yote tuliyo nayo juu ya chakula hiki hayakuandikwa ili kufafanua mkate. Yaliandikwa kwa sababu watu walikuwa wanadhulumiana chakula.

Ninazungumzia barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, ya katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo, ambayo wataalamu wengi wanaona ilitangulia Injili zote nne. Majengo ya kanisa hayakuwapo bado. Waamini walikutana nyumbani kwa mwenzao mwenye uwezo, na Ushirika ulikwenda pamoja na mlo kamili. Katika nyumba ya Kirumi ya hadhi hiyo, chumba cha kulia kwa kawaida kilikuwa na makochi matatu yaliyozunguka meza, ambayo watu kama 9 waliweza kujinyoosha juu yake. Wengine walikaa uani. Wanazuoni wengi wanaielewa hali ya Korintho hivi: tajiri, ambaye hana bwana wa kumpangia saa, anafika mapema na chakula na mvinyo wake, na mtumwa au kibarua anafika jioni kazi ikiisha, akakuta makombo. Paulo hamung'unyi maneno: "kila mmoja hutangulia kutwaa chakula chake mwenyewe katika kule kula, hata huyu ana njaa, na huyu amelewa." Mkifanya hivyo, anawaambia, mnachokula si chakula cha Bwana.

Ni katikati ya karipio hilo ndipo anapoyakumbusha maneno ya Yesu ya usiku ule aliotolewa. Maneno ambayo sisi tunayasikia yakisomwa kwa sauti ya utulivu, kengele ikilia na watu wakipiga magoti, katika barua hii yanasimama kama hoja ya kuwakemea walioshiba. Na onyo kali linalofuata, kwamba mtu anaweza kula hukumu yake mwenyewe "kwa kutokuupambanua ule mwili," limesomwa kwa namna mbili: wengine wanauona mwili huo kuwa ni mkate uliobarikiwa, na wengine wanauona kuwa ni kusanyiko lenyewe. Mimi naona mtiririko wa sura ile unaelekea kwenye kusanyiko, bila kuuondoa mkate, kwa sababu sura moja tu nyuma Paulo ameshasema: "Kwa kuwa mkate ni mmoja, sisi tulio wengi tu mwili mmoja."

Alama nyingine zote zinasimama juu ya msingi huo. Ukumbusho unatoka katika Pasaka ya Wayahudi, ambamo mlaji hakumbuki tu kwamba babu zake walitoka Misri, bali anajihesabu kuwa miongoni mwa waliotoka. Kikombe kinabeba damu ya agano ambayo Musa aliwanyunyizia watu chini ya Sinai. Mkate nao, katika sala za kale za Didake, kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa mwanzo, ni nafaka iliyotawanyika juu ya milima kisha ikakusanywa ikawa kitu kimoja. Agostino, askofu wa Hippo, aliichukua picha hiyo na kuwaeleza waliobatizwa karibuni hatua kwa hatua: mlisagwa kwa mafungo na kwa sala za kufukuza pepo, mkakandwa kwa maji ya ubatizo, mkaokwa kwa moto wa Roho Mtakatifu, kwa hiyo fumbo lililowekwa juu ya meza ya Bwana ni ninyi wenyewe.

Tazameni pia jambo dogo ambalo wengi hatulioni, hata tunaokaa viti vya mbele. Katika Misa ya Kikatoliki, kabla ya komunyo, padre anaimega hostia kubwa, yaani mkate wa Misa, anakata kipande kidogo, pengine kama ukucha wa kidole cha mwisho, na kukidondosha ndani ya kalisi, yaani kikombe cha divai, huku akisema maneno kwa sauti ya chini. Wanahistoria wengi wa liturujia, yaani taratibu za ibada, wanakihusisha kitendo hicho na desturi ya Roma ambayo Papa Inosenti wa Kwanza aliieleza katika barua ya mwaka 416: kila Jumapili wahudumu walichukua vipande kutoka Misa ya Papa na kuvipeleka kwa mapadre wa makanisa ya mjini, ili wasijione wametengwa na ushirika wake siku hiyo. Kipande kile kilitembea barabarani kama uthibitisho kwamba meza zilikuwa nyingi lakini mlo ulikuwa mmoja.

Sasa lile swali. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterani, mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika Roma, ulitumia lugha ya kugeuka kwa kiini: umbo linabaki la mkate, lakini kiini ni mwili wa Kristo. Mwaka 1529, mjini Marburg, Ujerumani, mwanamatengenezo Martin Luther aliyakataa maelezo hayo ya kifalsafa lakini akaandika kwa chaki juu ya meza maneno "Huu ndio mwili wangu," asikubali kubanduka hapo, naye Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, akashikilia kwamba "ndio" hapo maana yake ni "inaashiria." Walikubaliana katika mambo 14 na kuachana katika sehemu ya jambo la 15. Silidharau swali hilo. Hata hivyo, nasikitika kwamba wanaume wale walikubaliana mengi kiasi hicho kisha wakaondoka bila kula pamoja, na sisi tumeurithi ugomvi wao tukauleta hadi katika koo zetu, ambamo ndugu wa tumbo moja wanazikana pamoja lakini hawashiriki meza moja.

Kuhusu ishara za kwetu, wengi hutaja swali la ngano na zabibu, yaani kama ni lazima kuzitumia hata mahali zisipolimwa, ambalo mwanateolojia Jean-Marc Éla wa Kamerun aliliuliza kwa niaba ya wakulima wa mtama. Ni swali zito. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni ule wa liturujia ya Kikatoliki ya Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), iliyoidhinishwa mwaka 1988, ambayo imehamisha toba na kupeana amani vikaja kabla ya kuleta vipaji. Watu wanapatana kwanza, ndipo mkate unapelekwa altareni, kama Yesu alivyoagiza katika Mathayo sura ya 5.

Naomba nimalizie na wanaobaki wameketi. Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, wakati wa Meza ya Bwana, watu wazima wengi hawainuki, kwa kuwa mahari haijatimia, au hakuna fedha za harusi, au mume ana mke wa pili. Waanglikana waliligusa jambo hili katika Mkutano wa Lambeth, mkutano wa maaskofu wao wa dunia nzima, wa mwaka 1988, walipokubali kwa masharti kumbatiza na kumpa kipaimara mwenye wake wengi. Nidhamu ina mizizi katika maandiko. Paulo mwenyewe anasema mtu ajihoji. Lakini aliyeketi kwa sababu ya mahari anajulikana na usharika mzima, ilhali anayepanda kupokea huku amewakalia vibarua wake mishahara ya miezi mitatu hakuna anayemuuliza, naye ndiye anayefanana zaidi na wale wa Korintho. Katika maswali yenu, ningeomba tuanze na huyo.