Siku tatu hajaonekana, nani kamuulizia?

MWANA: Waja leo waondoka leo! Karibuni wapenzi wasikilizaji, mie dada yenu Mwana, niko Ngamiani, hapa Tanga, na kaka Bakari, chai ishamiminwa. Kaka, hujambo?

BAKARI: Sijambo dadangu, ila leo nina jambo limenikaa kooni. Pale kijiweni kwetu kuna dogo mmoja, jina naliacha, kila jioni yupo, anacheza bao, anacheka na watu. Akapotea. Wiki ya pili ndo mtu anashtuka, jamani yule dogo yuko wapi, na mie nilikuwa nakaa nae benchi moja!

MWANA: Alikuwa anaumwa?

BAKARI: Hana homa wala nini. Kajifungia ndani. Alikosa kibarua bandarini, akaona haya kuja kukaa na wenzie wanachanga hela ya kahawa yeye hana hata mia. Mamake ndo kaniambia, mwanangu hali chakula, halali usingizi.

MWANA: Masikini. Na mji wenyewe ndo huu unakua bana. Gati pale bandarini lina mita 450, kina kimechimbwa kutoka mita 3 mpaka 13, zamani meli zinatia nanga kule mbali matishari yanafata mzigo, sasaivi zinafunga gatini moja kwa moja. Bomba la mafuta linatoka Hoima kule Uganda, kilomita 1,443, linakuja kuishia Chongoleani hapahapa kwetu. Mie nafurahi, sisemi tusijenge, lakini dogo wa Ngamiani ile meli anaiona kwa macho tu.

BAKARI: Na anaitwa lini? Siku ya semina. Anapewa tisheti, anapewa soda, anapiga makofi, kaenda zake. Hakuna aliyemuuliza we jana umelala vipi, umekula na nani.

MWANA: Sasa sikia hii. Aisilandi ni nchi yenye hela zake, lakini mwaka 1998 vijana wao wa miaka 15 na 16, asilimia 42 walikuwa wamelewa angalau mara moja ndani ya mwezi mmoja. Wamewahubiria weee, wapi. Wakabadilisha, wakawa wanawauliza watoto wenyewe mashuleni, jioni unafanya nini, mzazi wako anajua uko wapi, na majibu yanarudi haraka shule ileile, mtaa uleule. Reykjavik, mji wao mkuu, wakaanza kuzisaidia familia hela ya kulipia watoto mpira, muziki, chochote anachopenda mtoto, na sheria ikawekwa watoto wa miaka 13 mpaka 16 wakati wa baridi saa 4 usiku wawe ndani. Kufika 2016 ile 42 imeshuka mpaka 5.

BAKARI: Asilimia 5! Mie hapo kilichonigusa ni majibu kurudi. Huku kwetu unahojiwa, karatasi zinapanda gari, hujui tena zilikoishia.

MWANA: Ila na sisi tunavyo vya kwetu kaka. Waangalie bodaboda wenye kikoba, kila Ijumaa mchango. Mtu asipoleta wanampigia, asipopokea wanamfata mpaka kwake. Wanafata hela, sawa, lakini wakifika wanamkuta mtu. Ndo maana mie ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kina mama, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, huwa naumia nikiona watu wanaunda kikundi cha kwenye karatasi, hela ikitoka kila mtu na njia yake. Kikundi kianze kwanza, watu wajuane, wazikane, mkopo uje baadae.

BAKARI: Na dada zetu?

MWANA: Hapo ndo pagumu. Kijiwe ni cha wanaume. Wewe dogo wako alikuwa na benchi, ndo mkaliona liko wazi. Binti akijifungia ndani watu wanasema ametulia, mtoto wa adabu, kumbe anakwisha. Tukawatafute walipo, saluni, madrasa, kwenye vikoba vya mama zao. Na mtu akikaa wiki mbili hali, halali, hataki hata kitu alichokuwa anakipenda, asikemewe, asiambiwe hana imani, apelekwe hospitali, Bombo pale, mtu aende nae asimuache peke yake.

BAKARI: Mie nilimfata na mihogo ya nazi. Habari ya bandari sikuigusa kabisa, tumeongea nyimbo za Wagosi wa Kaya tu mpaka magharibi, nikaondoka. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa yake.

MWANA: Sasa yuko wapi?

BAKARI: Ijumaa kaja kwenye kikoba cha wale jamaa, kakaa pembeni, haongei. Hana hela ya mchango bado, lakini ana mwandiko mzuri yule, wakampa daftari la mahesabu akae nalo.

MWANA: Na asipotokea Ijumaa hii?

BAKARI: Watamfata mpaka mlangoni dada, daftari si liko kwake.