Kifungashio cha Kula, Nacho Kifungwe na Nini?

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Baraka, na pembeni yangu, kama kawaida, yuko dada Zuhura. Leo ni vifungashio vya mwani na kuvu. Dada, nianze na la mtaani: hivi kweli nitakunywa maji halafu nile na chupa?

ZUHURA: Ukitaka utakula, kaka. Kwenye mbio za marathoni za London mwaka 2019, wakimbiaji waligawiwa kinywaji ndani ya vifuko vya mwani vinavyoitwa Ooho. Unatia mdomoni, unang'ata, kinapasuka. Ganda umeze au uteme, shauri yako. Likianguka chini linaoza ndani ya wiki chache. Wabunifu wake, kampuni ya Notpla, walipata tuzo ya mazingira ya Earthshot mwaka 2022.

BARAKA: Na ganda lenyewe linapatikanaje?

ZUHURA: Mwani wa kahawia una aljineti, ndiyo inayoufanya uyumbe na mawimbi bila kukatika. Koroga unga wa sodiamu aljineti kwenye maji, utapata kitu kizito kama uji. Usikimbilie. Uache utulie mapovu yatoke, maana povu likibaki ndilo litakalokuwa tundu. Kisha dondoshea kwenye maji yenye chumvi ya kalsiamu. Kalsiamu inaunganisha minyororo ya aljineti, na papo hapo tone linavaa ngozi. Sasa ukilisahau humo, kalsiamu inazidi kupenya, ukija kulitoa kinywaji hamna, ni jeli tupu.

BARAKA: Kazi bure.

ZUHURA: Ndiyo maana wengi hugeuza: kalsiamu inatiwa kwenye kinywaji, aljineti inabaki nje. Ngozi inajijenga kuelekea nje, ndani panabaki majimaji. Na si jambo geni sana. Kuna soseji zinazovalishwa ganda la aljineti kiwandani, na watu wanazila bila habari.

BARAKA: Basi nitie juisi ya limau humo.

ZUHURA: Hapo umegusa penyewe! Asidi ikizidi, aljineti inaganda mabonge kabla hujaanza. Maziwa nayo yana kalsiamu yake. Chumvi ya kawaida ikiwa nyingi inalegeza ganda. Kwa hiyo mbunifu anayeanza na ganda amepotea. Aanze na kinachoingia ndani: kikali? kina mafuta? kitakaa saa moja au miezi sita?

BARAKA: Kikikaa miezi sita?

ZUHURA: Ganda likikauka linakuwa la kuvunjika, ndipo watu wanatia glisirini lipate kunyumbuka. Utando mkavu wa mwani unazuia mafuta na oksijeni vizuri sana. Mvuke wa maji ndio unaoushinda. Funga biskuti humo, uiweke penye unyevu, itakulegea. Unaweza kupaka nta, lakini kila unachoongeza kinarudi kwenye swali lile lile: kinaliwa? kinaoza?

BARAKA: Tuje kwa kuvu. Uyoga unaliwa, kwa hiyo boksi la uyoga...

ZUHURA: Haliliwi! Matangazo yanachanganya watu hapa. Kampuni ya Ecovative ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Eben Bayer na Gavin McIntyre, inachukua mabaki ya shambani, inapandikiza kuvu, inajaza kwenye kalibu. Nyuzi za kuvu, maiseliamu, zinatambaa na kushika kila kipande. Baada ya siku chache unatoa kitu chepesi chenye umbo la kalibu, unakikausha kwa joto kuvu ife, isije ikaendelea kuota. Kinachukua nafasi ya lile povu jeupe linalozungushiwa televisheni kwenye boksi. Kampuni ya Dell ilianza kukitumia mwaka 2011. Ila ukikitafuna, unatafuna mabua.

BARAKA: Kwa hiyo kuvu haina lake mezani?

ZUHURA: Inalo, tena watu wameshalionja. Kuna kuvu iitwayo Aureobasidium pullulans. Ukiilisha wanga inatoa pululani, kitu kinachokauka kikawa utando mwembamba. Vile vijikaratasi vya kuburudisha pumzi vinavyoyeyuka ulimini, vingi vimetengenezwa nayo. Haina ladha, ni angavu, inazuia oksijeni. Mimi ningekuwa mbunifu wa vifungashio vya kula ningeanzia hapo, si kwenye maiseliamu.

BARAKA: Sasa niseme linalonisumbua tangu mwanzo. Kifungashio kimelala ghalani, kimepanda lori, kimeshikwa na mikono ya watu nisiowajua. Halafu nikile?

ZUHURA: Hukili. Ukitaka kiliwe, lazima ukifunge kwa kingine, na hapo umerudi ulikotoka. Ndiyo maana kule kwenye mbio kilifaa: kinatoka mkononi kinaingia mdomoni. Pengine panapofaa ni kile kifuko cha viungo ndani ya pakiti ya tambi. Kiko ndani tayari, hakijaguswa, unakitumbukiza na viungo vyake kwenye maji ya moto kinayeyuka. Kampuni ya Evoware ya Indonesia waliliona hilo. Kwangu hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote.

BARAKA: Na kwingine?

ZUHURA: Kwingine, sahau kula. Kioze tu, kisidhuru samaki wala ng'ombe akikimeza. Tena huo mwani upimwe, kwa sababu hunyonya arseniki na metali nyingine baharini. Na lebo iseme umo, yupo ambaye mwili wake haupatani nao.

BARAKA: Lebo yenyewe itaandikwa kwa wino gani?

ZUHURA: Wino wa chakula, kama unaochapishwa juu ya keki.

BARAKA: Na gundi?

ZUHURA: Pululani haihitaji gundi. Lowesha ukingo kidogo, ubane, unajishika wenyewe.