Jina adimu la Kijerumani: anza na ramani, kamusi baadaye

Habari zenu, karibuni. Leo tuna kazi moja, na tutaifanya hapa hapa kwenye skrini: tunachukua jina la ukoo la Kijerumani ambalo halipatikani kila mtaa, tujue limetoka wapi, lina maana gani, na wenye jina hilo ni wengi kiasi gani. Jina letu ni Rebmann.

Wengi wenu mmelisoma darasani. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, ndiye aliyeandika kwamba tarehe 11 Mei 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro, akabishiwa na mabwana waliokuwa wamekaa London. Waongozaji wanaopandisha wageni kupitia Stella Point wanaijua pia barafuto ya Rebmann iliyo karibu na pale. Kwa hiyo jina tunalo midomoni miaka mingi. Chimbuko lake ndilo ambalo hatujawahi kuliuliza.

Kabla hujagusa kibodi, weka karatasi na kalamu karibu. Chora safu tatu: mahali, mwaka, tahajia. Kila utakachokiona kiingie humo, hata kama unakidharau.

Hatua ya kwanza: tahajia. Usitafute umbo moja tu. Andika maumbo yote ambayo karani au mchungaji wa zamani angeweza kuyaandika baada ya kulisikia jina kwa masikio. Kwa Rebmann utaandika Rebman yenye n moja, Räbmann yenye vidoti viwili juu ya a, na Rebemann. Kisha, pembeni kabisa, andika majina yanayofanana kwa macho lakini ni ya watu wengine: Rehmann, Redmann, Rebhan. Haya ni ya kukwepa. Injini ya kutafutia itakuletea yote kwa pamoja, nawe ukipokea bila kuangalia utajikuta umefuata ukoo usiokuhusu.

Mkifika kwenye vitabu vya kale mtakutana na mwandiko unaoitwa Kurrent. Humo e inafanana sana na n, na B kubwa inachanganywa na L kubwa. Simamisha video, tazama mfano huu, kisha soma neno herufi kwa herufi. Usikisie kwa umbo la neno zima.

Hatua ya pili ndiyo kubwa leo, nayo ni ramani. Watu wengi wanakimbilia maana kwanza, wanafungua tovuti ya kwanza inayojitokeza, wanaambiwa jina linamaanisha kadha wa kadha, wanafunga kompyuta. Mimi nasema hapana. Maneno ya Kijerumani yanabadilika kutoka bonde moja hadi jingine, na neno moja linaweza kuwa na maana mbili katika mikoa miwili. Usipojua jina linatoka pembe gani ya nchi, kamusi itakupa maana nne na hutakuwa na sababu ya kuchagua hata moja.

Fungua namenforschung.net. Hii ni kamusi ya kidijiti ya majina ya ukoo ya Ujerumani, inayoandaliwa na akademia ya sayansi ya mjini Mainz pamoja na washirika wake. Iko kwa Kijerumani, lakini msiogope, kivinjari chako kinaweza kukutafsiria ukurasa. Andika Rebmann kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya, utaona ramani.

Sasa elewa unachokitazama. Takwimu zake zinatoka kwenye simu za mezani za majumbani za mwaka 2005, zilizosajiliwa na Deutsche Telekom. Kwa nini mwaka huo? Kwa sababu baadaye watu walizidi kuhamia simu za mkononi, na orodha za majumbani zikapoteza uzito wake. Zilikuwa laini kama milioni 28.2, na ndani yake majina tofauti ya ukoo karibu 850,000.

Hebu tugawanye. Wastani ni laini 33 hivi kwa kila jina. Lakini kina Müller, Schmidt na Schneider peke yao wamejizolea malaki, kwa hiyo majina mengi mno yako chini ya wastani huo. Ndiyo maana mtu akikwambia kwa majigambo kwamba jina lake la Kijerumani ni adimu, mwambie pole, ni jambo la kawaida kule. Uadimu una ngazi. Kuna jina lenye watu kumi nchi nzima, na kuna jina kama Rebmann, ambalo upande mmoja wa nchi halimshangazi mtu na upande wa pili mtu anaweza kuzeeka bila kulisikia.

Tazama doa lilipo. Kusini-magharibi, jimbo la Baden-Württemberg, kule ambako misimbo ya posta inaanza na 7. Panua macho uvuke mpaka: jina hili lina mizizi pia Uswisi na Alsace, upande wa Ufaransa, ng'ambo ya mto Rhine. Sehemu kubwa ya maeneo haya wanazungumza lahaja za Kijerumani za jamii moja, za Kialemani. Andika hilo kwenye karatasi yako na ulipigie mstari.

Hapa kuna mtego. Ukihesabu laini tu, Berlin, Hamburg na Munich zitaonekana zina akina Rebmann wengi, kwa sababu miji hiyo ina wengi wa kila kitu. Bofya sehemu inayoonyesha kiwango kwa kulinganisha na idadi ya wakazi. Miji mikubwa itafifia na wilaya ndogo zitang'aa. Hizo wilaya ndogo ndizo unazozitaka.

Kuna njia ya kujihakikishia bila tovuti hata moja ya majina. Tafuta watu mashuhuri wenye jina hilo, uandike walikozaliwa. Johannes wetu alizaliwa Gerlingen, karibu na Stuttgart, tarehe 16 Januari 1820. Kurt Rebmann, aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho kuanzia 1977 hadi 1990, alizaliwa Heilbronn. Georg Friedrich Rebmann, mwandishi aliyeyaunga mkono mapinduzi ya Ufaransa, alizaliwa 1768 Sugenheim, huko Franken, kaskazini mwa Bavaria. Wawili kati ya watatu ni wa Württemberg, na wa tatu si wa mbali sana. Ramani imepata shahidi.

Kama jina lako linatoka mashariki, Silesia au Prussia ya Mashariki, ramani ya 2005 itakudanganya vibaya. Baada ya 1945 Wajerumani kama milioni 12 waliondolewa au walikimbia makwao, wakatawanyika magharibi. Hapo tumia data za kabla ya msukosuko huo. Chama kiitwacho Verein für Computergenealogie kimeingiza kwenye mtandao orodha za wanajeshi wa Ujerumani waliouawa, kujeruhiwa au kupotea katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni mamilioni ya majina, mengi yana mahali pa kuzaliwa, na kutafuta ni bure.

Hatua ya tatu ni fupi: hesabu ya watu. Mwaka 2005 Ujerumani ilikuwa na watu kama milioni 82.5. Gawanya kwa laini milioni 28.2, unapata 2.9. Kwa hiyo chukua idadi ya laini za jina lako, zidisha kwa 2.9. Laini 100 ni kama watu 290. Ni makadirio, na kwa jina lenye laini tatu au nne hayana maana yoyote, maana nyumba moja yenye watoto saba inavuruga hesabu nzima. Andika "karibu" mbele ya namba yako, tuendelee.

Hatua ya nne sasa, maana. Mnaona tumefika huku tukiwa na silaha mkononi: kusini-magharibi, lahaja za Kialemani, nchi ya mizabibu.

Tenganisha jina. Reb, na mann. Mann ni mtu, mwanamume. Rebe ni mzabibu, na kule kusini-magharibi ukisema Reben, kwa wingi, unamaanisha shamba lenyewe la mizabibu. Kwa hiyo Rebmann ni mtu wa mizabibu, mkulima wa zabibu za mvinyo. Hakikisha kwenye kamusi kubwa ya ndugu Grimm, wale wale wa hadithi za watoto. Waliianza mwaka 1838, wakafa bila kufika mbali, na wengine wakaimaliza 1961. Iko mtandaoni bure kupitia Chuo Kikuu cha Trier.

Ila mwisho wa -mann una ujanja wake. Katika majina mengine hausemi kazi bali makazi: Bachmann ni mtu aliyekaa kando ya kijito. Kwa hiyo Rebmann mmoja huenda alilima zabibu, na mwingine aliishi tu penye mizabibu. Katika kijiji cha mvinyo tofauti hiyo ni ndogo, mimi singepigana na mtu juu yake.

Linganisha na wenzake wa kazi hiyo hiyo, hapo ndipo ramani inanoga. Mkulima wa zabibu ana majina tele ya ukoo: Weingärtner huko Württemberg, Winzer upande wa Rhine, Häcker huko Franken, Weinzierl huko Bavaria na Austria. Kazi moja, mikoa tofauti, majina tofauti. Usimwamini Häcker haraka, kwa sababu kitenzi chake ni kulima kwa jembe au kukatakata, na wakata kuni nao wanalidai.

Na kuna ushahidi ninaoupenda kuliko kamusi yoyote. Karne ya 16 wasomi walikuwa na mtindo wa kugeuza majina yao kuwa ya Kilatini au Kigiriki. Huko Bern, Uswisi, kulikuwa na mchungaji na mshairi, Hans Rudolf Rebmann, aliyeishi 1566 hadi 1605, ambaye vitabuni utamkuta pia kama Räbmann. Jina la kisomi la familia yake lilikuwa Ampelander. Kwa Kigiriki ampelos ni mzabibu, na aner, au andros, ni mwanamume. Kumbe wenye jina wenyewe walilielewa hivyo hivyo zaidi ya miaka 400 iliyopita. Na mshangae kidogo: mshairi huyu alitunga utenzi mrefu ambamo milima miwili ya Uswisi, Niesen na Stockhorn, inazungumza. Sisemi ni ndugu wa yule wa Kilimanjaro, sina ushahidi wowote. Inafurahisha tu.

Msiseme pia kwamba Johannes aliitwa hivyo kwa kuwa Gerlingen kulikuwa na mizabibu. Kusini mwa Ujerumani majina ya ukoo yalianza kushika kuanzia karne ya 12, na kufikia karne ya 15 karibu kila mtu alikuwa nalo na watoto wakilirithi. Aliyelima zabibu ni babu wa mababu. Wajukuu waliweza kuwa wahunzi, waokaji au wamisionari, jina likabaki.

Hatua ya tano ni kwa wenye ukoo wao halisi wa kufuatilia. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kwa nchi nzima ulianza tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa: ubatizo, ndoa, mazishi. Württemberg ina bahati, kwa sababu mtawala wake aliagiza vitabu hivyo tangu 1558, na kuanzia 1808 kuna madaftari ya familia yanayoweka baba, mama na watoto ukurasa mmoja. Vya Kiprotestanti vingi viko kwenye tovuti ya Archion, unalipia. Vya Kikatoliki tafuta Matricula, ambayo ni bure. Ukikuta pengo kati ya 1618 na 1648, ujue ni Vita vya Miaka Thelathini. Vitabu vingi viliungua.

Na tafadhali, wale wanaouza "nembo ya ukoo wa Rebmann" iliyochapwa kwenye kikombe, waacheni na vikombe vyao. Kwa Wajerumani nembo ni ya familia fulani iliyoichukua, si ya kila mwenye jina.

Zoezi la kufanya wenyewe: Krapf. Johann Ludwig Krapf, mwenzake Rebmann pale Rabai, yule wa kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882. Alizaliwa 1810 Derendingen, ambayo leo ni sehemu ya Tübingen. Kamusi ya Kijerumani cha kale itawapa krapfe, yenye maana mbili: kulabu, na kitafunio cha unga kilichokaangwa kwenye mafuta, ambacho Mswahili yeyote akikiona atakiita andazi. Tengenezeni safu tatu, chungulieni ramani, tafuteni wenye jina hilo walizaliwa wapi, kisha mniandikie hapo chini: huyu babu yao wa kwanza alikuwa na kulabu, au alikuwa anakaanga maandazi? Majibu yasiyo na ramani sitayasoma.