Theluji bado ipo, lakini ndege wa Minnesota wameshaanza mambo yao

Hamjambo wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli. Leo nimewaleta Monticello, mji mdogo wa Minnesota kando ya mto Mississippi. Ni mwisho wa Februari, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo video ikikatika ghafla jueni ni simu iliyozimika kwa baridi, mimi nipo.

Sikilizeni kwanza hizo kelele! Kama honi za matatu saa ya jioni, au sivyo? Hao ni batamaji, wale weupe wenye shingo ndefu, kwa Kiingereza trumpeter swan. Wakubwa hasa: dume aweza kupita kilo 11, na akikunjua mabawa yanazidi mita mbili. Wamejazana hapa kwa sababu kuna mtambo wa umeme wa nyuklia unaomwaga maji ya uvuguvugu mtoni, basi kipande hiki hakigandi. Zamani waliwindwa mpaka wakatoweka jimboni humu. Miaka ya 1980 yakaletwa mayai kutoka Alaska, yakaanguliwa, vifaranga wakalelewa na kuachiliwa. Wale wa kijivu ni watoto wa mwaka jana, bado wanamfuata mama. Na hawa wawili hapa mbele, wanaotikisa vichwa na kuinua mabawa nusu huku wakijibizana, ni mke na mume. Barafu ikifunguka kwenye maziwa, wataondoka kwenda kutaga.

Aliyenileta ni jirani yangu, mama mstaafu, na wenzake watazamaji ndege. Wana kundi lao la simu, na kila asubuhi kuna habari. Leo mmoja ameandika kwamba kadinali, yule mwekundu mwenye kishungi, ameimba kabla jua halijatoka. Mwingine analalamika kigong'ota anamwamsha alfajiri kwa kugonga mfereji wa bati wa paa lake. Mimi nikauliza, kwani kwenye bati kuna wadudu? Wakacheka. Kumbe hatafuti chakula, anatangaza eneo lake, na bati linavuma kuliko gogo.

Jambo lililonishangaza ni kwamba ndege hawangoji joto ndipo waanze mambo yao. Wanafuata urefu wa mchana. Sisi wa ikweta jua letu halina mbwembwe, lakini huku Desemba mchana hauna hata saa tisa za mwanga, na sasa zinakaribia kumi na moja. Binadamu bado tumejifunika makoti, ndege wameshapata taarifa.

Kuna kadogo kamoja kanaitwa chickadee, gramu 11 tu, hakaendi popote majira yote ya baridi. Usiku kanashusha joto la mwili kwa nyuzi kama kumi ili kasimalize mafuta yake, na mchana kanafukua mbegu kalizozificha tangu vuli, kila moja mahali pake. Mimi funguo za gari tu zinanishinda.

Haya, najua mtanisema kwa hili: bundi. Nyumbani akilia juu ya paa, bibi anaanza kuomba. Huku wanamngoja kwa hamu! Bundi mkubwa mwenye pembe za manyoya anataga mwezi huu huu wa theluji, tena hajengi, anapora kiota cha mwewe au kunguru. Jike anaatamia huku theluji ikimwangukia mgongoni, dume analeta sungura. Nimemwona kwa darubini, lakini sitawaonyesha mahali. Kundi lina sheria: kiota cha bundi hakitajwi, maana watu wakijaa na kamera anaweza kukimbia, na mayai kwa baridi hii hayachukui muda kuharibika.

Sasa kundi linabishana ni lini watarudi wale ndege weusi wenye mabega mekundu, wanaotoka kusini mwezi Machi na kudai matete ya mabwawa. Kila mtu ametaja tarehe, na atakayekosea zaidi ananunua kahawa ya wote. Mimi nimesema tarehe 10. Mama jirani amenitazama tu, akauliza kama nina pesa taslimu.