Mwalimu wa Kifaransa na Majani Makubwa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Anayezungumzia mandhari ya zama za Ulimbwende, ule mkondo wa sanaa ya Ulaya uliotukuza hisia na maumbile, kwa kawaida huanza na Turner, mchoraji wa Kiingereza. Mimi leo naanza na mwalimu wa lugha.

Carl Wilhelm Kolbe alizaliwa Berlin mwaka 1759, akafundisha Kifaransa mjini Dessau, Ujerumani, na alipoanza kusomea sanaa kwa dhati alikuwa ameshavuka miaka 30. Kuchonga picha kwenye bamba la shaba kwa chombo cha chuma, ili ichapwe karatasini, kungemtesa, maana kina cha mstari hutokana na nguvu ya kiganja, na kiganja hicho huzoezwa tangu ujanani. Njia ya tindikali, aliyoitumia yeye, haidai hayo. Unapaka bamba la shaba nta, unachora juu yake kwa sindano, mkono ukienda kwa wepesi kama ulioshika kalamu. Ukilizamisha bamba, tindikali inakula pale tu nta ilipokwanguliwa.

Ufundi wenyewe uko hapa. Mistari ya vilima vya mbali inatakiwa iwe hafifu, basi bamba linatolewa mapema, mistari hiyo inafunikwa kwa vanishi, kisha bamba linarudishwa. Majani ya mbele yanaendelea kuliwa. Mstari ulioliwa zaidi hubeba wino mwingi zaidi, kwa hiyo weusi mnaouona kwenye karatasi, ndugu zangu, ni muda. Mimi mara ya kwanza niliacha bamba nikaenda kunywa chai. Niliporudi, mlima ulikuwa mweusi kuliko mti! (Kicheko.)

Sasa tazameni picha hii ya mwaka 1801. Mwanamume na mwanamke wako mbele ya jeneza la mawe. Ni wapenzi, na Kolbe ameipa picha jina la Arkadia, ile nchi ya wachungaji wenye raha. Lakini nani anawatazama wao? Magugu yamewameza. Kuna jani pana kuliko mgongo wa mtu, na kila mshipa wake umechorwa. Wachoraji wengi waliomtangulia walitumia majani ya mbele kama pazia la kufungulia picha. Kwa Kolbe pazia limekuwa mchezo wenyewe. Kwangu mimi huo ndio Ulimbwende, kuliko dhoruba na magofu yote.

Bamba langu lililoharibika liko hapa mezani. Lipitisheni, mguse kwa kidole ule mlima: mfereji wake ni wa dakika za chai.