Mgeni Akishalipa, Nani Anashika Mfuko?

Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu, habari za jioni. Ahsanteni kwa kunikaribisha. Nimeambiwa wengi wenu mtakuwa ukumbini wiki ijayo, halmashauri itakapopokea maoni juu ya tozo ya utalii. Sikuja kuwaambia mkae upande upi. Nimekuja na swali moja ambalo kwa kawaida huulizwa mwishoni kabisa mwa vikao hivi, watu wakiwa wameshaanza kukusanya mikoba yao, na mimi naona ndilo lingepaswa kufungua kikao.

Nilianza kazi nikiwa karani wa kumbukumbu. Unakaa pembeni, unaandika nani kasema nini. Ukiifanya kazi hiyo muda mrefu unaanza kumjua msemaji kabla hajafika kwenye kipaza sauti. Mwenye hoteli atafungua kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkazi wa mtaa uliojaa nyumba za kupangisha kwa siku atamjibu kwa methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukumbi utapiga makofi, mwenyekiti atagonga meza. Niliziandika methali hizo mara nyingi hadi nikazipa vifupisho. (Kicheko.) Lakini hakuna hata moja inayosema mavuno ya jembe hilo yanawekwa kwenye ghala la nani.

Kabla ya kufika ghalani, tupite kwanza kwenye mabishano mengine mawili matatu ambayo lazima mtayasikia.

La kwanza, kwamba hili ni jambo jipya, limebuniwa na halmashauri zenye njaa. Njaa sawa, upya hapana. Ufaransa ilitunga sheria ya kodi ya malazi mwaka 1910, kwa ajili ya miji ambayo watu waliiendea kwa maji ya tiba na mapumziko. Mantiki yake haijabadilika: mji wa watu wachache ukipokea umati kila msimu, mifereji na barabara zake zinatumiwa na wengi kuliko wanaozilipia.

La pili ni nani hasa analipa. Mwenye hoteli husema, "Kodi hii inatoka kwangu." Mkazi husema, "Analipa mgeni, wewe unakusanya tu." Wote wawili wana haki, ila si katika mwezi mmoja. Msimu ukiwa juu na vyumba vimejaa, mgeni hana pa kukimbilia. Atalipa bei na kodi juu yake. Msimu ukishuka, mwenye hoteli hushusha bei ili apate wa kulala, na kodi inamegwa kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo msimzomee. Muulizeni anazungumzia mwezi upi.

Na tazameni kiwango kimeandikwaje. Kodi ya 2 kwa usiku, juu ya chumba cha 20, ni asilimia 10. Kodi hiyohiyo juu ya chumba cha 200 ni asilimia 1. Mwenye nyumba ndogo ya wageni anayepinga kiwango kimoja kwa wote anajua hesabu. Amsterdam hutoza kwa asilimia, na mwaka 2024 ilipanda hadi 12.5 ya bei ya malazi. Edinburgh, mji wa Scotland, imepitisha asilimia 5, kuanzia Julai 2026, kwa siku tano za kwanza za kulala. Sheria ya Scotland ya mwaka 2024, iliyowapa uwezo huo, iliitaka halmashauri ishauriane na watu kwanza, kisha isubiri angalau miezi 18 kabla ya kuanza kutoza. Ni muda mrefu, lakini una sababu: vyumba vya mwaka ujao vimeshauzwa kwa bei ya leo.

Je, wageni watakimbia? Wengine, ndiyo. Mwaka 2019 Amsterdam ilianza kuwatoza euro 8 abiria wa meli za kitalii wanaotua kwa siku moja, na baadhi ya meli ziling'oa nanga zikaenda bandari nyingine. Hoteli haina nanga. Bhutan nayo ilipandisha tozo yake ya siku kutoka dola 65 hadi 200 mwaka 2022. Mwaka mmoja baadaye ikaishusha hadi 100. Hiyo ni nchi nzima, yenye mpaka na visa mkononi mwake, na bado ilibidi ijirudi. Atakayewaambia kwamba mgeni hajali bei hajawahi kumwona mgeni akihesabu.

Sasa niwapeleke Venice, maana huko kuna somo ninalolipenda. Tangu Aprili 2024 mji huo unawatoza wageni wa siku moja euro 5, katika tarehe zilizotangazwa. Mwaka wa kwanza zilikuwa siku 29. Anayelala hotelini hatozwi, kwa kuwa kodi ya malazi keshalipa. Siku ya uzinduzi baadhi ya wakazi waliandamana, wakisema mji wao umegeuzwa bustani ya maonyesho yenye tiketi mlangoni. Zilipatikana takriban euro milioni 2.4, na wakosoaji wakasema umati haukupungua. Mwaka 2025 siku zikaongezwa hadi 54, na anayechelewa kujiandikisha akalipishwa euro 10.

Tuseme mpango ulifaulu au ulishindwa? Inategemea walikuwa wanawinda nini. Kama waliwinda fedha, kila anayekuja ni faida. Kama waliwinda nafasi ya mkazi kupita kwenye daraja na kikapu chake, kila tiketi iliyouzwa ni ushahidi kwamba dawa haikuingia. Halmashauri ikiwaambia tozo itapunguza msongamano, kisha katika ukurasa unaofuata ikaonyesha jedwali la mapato yanayopanda mwaka hadi mwaka, hapo nyanyueni mkono. Mojawapo ya kurasa hizo mbili inadanganya, na mara nyingi si ile ya jedwali.

Basi tuingie ghalani.

Visiwa vya Balearic, Hispania, vilianza kutoza kodi ya mazingira kwa watalii mwaka 2002. Serikali ya visiwa ikabadilika, mwaka 2003 kodi ikafutwa. Mwaka 2016 ikarudi, na sheria yake ilitaja fedha ziende wapi: mazingira, urithi wa kihistoria, utafiti, mafunzo ya kazi na mengine ya namna hiyo. Huenda mtu akasema orodha ni ndefu mno, na mimi nitamuunga mkono. Fungu lenye kazi nyingi ni kama halina kazi. Lakini angalau kuna mstari wa kumwonyesha mtu kidole.

Manchester ilipita njia nyingine. Huko England, tofauti na Scotland, sheria haikuipa halmashauri uwezo wa kutoza kodi ya namna hiyo, kwa hiyo wenye hoteli walipiga kura wajitoze wenyewe, pauni 1 kwa chumba kwa usiku, kuanzia Aprili 2023. Watu walewale ambao kila mahali huja ukumbini wakilia kwamba kodi itawaua! Kilichobadilika ni mshika mfuko. Pesa haziingii kwenye kapu la halmashauri. Zinatumika kuutangaza mji na kuvuta matukio yatakayojaza vyumba. Nawavulia kofia kwa werevu. Ila mkazi asifurahi upesi, kwa sababu pesa inayotumika kuvuta wageni zaidi haimtibu mtu aliyekuja kulalamika kwamba wageni wamezidi.

Kuna ujanja mmoja ambao hauonekani ukumbini kabisa, nami niliujua kwa kubeba mafaili tu. Tuseme halmashauri inatumia 100 kila mwaka kuzoa taka. Tozo inaleta 30, zimefungiwa kazi ya taka peke yake kwa sheria, wananchi wameshangilia. Mwaka unaofuata mfuko mkuu unatoa 70 badala ya 100, tozo inajaza 30. Jumla ni ileile. Ripoti itaandika, bila uongo hata kidogo, kwamba pesa ya wageni imezoa taka. Na jalala litakuwa palepale. (Minong'ono.)

Ndiyo maana maneno "fedha zitatumika kwa usafi" hayatoshi. Ulizeni: tozo ikiingia, fungu la sasa la usafi litabaki na kiasi chake? Mkijibiwa "bila shaka", ombeni hilo "bila shaka" liingizwe kwenye sheria ndogo yenyewe, pamoja na kiasi cha mwaka huu cha kulinganishia. Karani ataandika ombi lenu, na jibu pia. Naijua kazi hiyo: kilichoandikwa kinasumbua watu miaka mingi baadaye.

Mweka hazina atawapinga, na hoja yake si ya kipuuzi. Fungu lililofungwa linaweza kulala benki likisubiri mradi wa vivutio wakati paa la zahanati linavuja. Yeye anataka uhuru wa kuhamisha fedha kulingana na shida ya mwaka. Kwa kodi nyingi ningekaa upande wake. Kwa hii sikai, kwa sababu ya jambo moja: anayeilipa hapigi kura hapa. Ukipandisha kodi ya majengo, mwenye nyumba atakungoja kwenye uchaguzi. Mgeni keshapanda ndege. Harudi kuuliza risiti, na kodi isiyoulizwa na mlipaji wake ni tamu kuipandisha. Waliobaki kuuliza ni nyinyi, msiolipa.

Neno fupi juu ya ukumbi wenyewe. Katika vikao nilivyoviandikia sikumwona mfanyakazi anayetandika vitanda. Vilifanyika saa nne asubuhi, siku ya kazi, na saa nne ndiyo saa ya kubadilisha mashuka. Wala mpangaji aliyehamishwa ili nyumba ipangishwe kwa siku hakuwepo. Alikuwa ameshahamia halmashauri nyingine. Kumbukumbu huandika waliosema tu. Maoni ya maandishi yanapokelewa, kwa hiyo mkimjua mtu wa namna hiyo, chukueni kalamu mwandike naye, kwa maneno yake, msimtengenezee hotuba.

Na nyumba za kupangisha kwa siku zisiposajiliwa kwanza, tozo itawaangukia wenye mabango mlangoni peke yao. Hilo sina haja ya kulirefusha, naona wenye hoteli waliokaa mstari wa mbele wameshaanza kutikisa vichwa kukubali.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mama wa pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja jalala. Naomba kipaza sauti kianze kwake.